Mahindi mazima ndani ya chakula: kisa cha chekeche lililokaa upande, Njoro

Punje nzima ya mahindi haipiti kwenye tundu la milimita 3 la chekeche la mashine ya kusaga. Nyundo ziwe zimechakaa, mota iwe inazunguka mbele au nyuma, haipiti. Punje ya kawaida ina upana wa milimita 8 hivi na unene wa karibu 4. Kwa hiyo ukikuta punje nzima ndani ya gunia lililojazwa na mashine yenye chekeche la milimita 3, jua haikupita kwenye tundu. Ilipita kando. Kisa hiki kizima kinasimama juu ya hoja hiyo, na pesa zilizotumika kabla sijaitwa zilitumika kwa sababu hakuna aliyeketi kuifikiria.

Mashine yenyewe ni ya kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru. Ni hamamili, yaani mashine inayosaga kwa nyundo zinazozunguka, ya mafundi wa jua kali, nzito, iliyochomelewa vizuri, na inafanya kazi mbili. Baada ya mavuno inapasua mabua ya mahindi na nyasi kavu ya Rhodes kwa chekeche lenye matundu makubwa. Siku nyingine inawekwa chekeche la milimita 3, inasaga mahindi, mashudu ya alizeti na pumba ya ngano, na wanachama wanachanganya wenyewe chakula cha kumpa ng'ombe wakati wa kukama. Mota ni ya fezi tatu, kilowati 7.5. Puli mbili zinalingana, kwa hiyo rota, yaani shafti na nyundo inazozibeba, inakwenda na mota, takriban mizunguko 2,900 kwa dakika. Nyundo zikinyooka, kipenyo chake ni milimita 500. Ukipiga hesabu, ncha ya nyundo inakwenda karibu mita 76 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 270 kwa saa. Hesabu hiyo naipenda kwa sababu humfanya mtu aondoe mkono bila kuhubiriwa.

Walioligundua tatizo ni kuku. Mwanachama mmoja, mama mwenye ng'ombe wanne, aliona kuku wake wanang'ang'ania kuchakura kinyesi cha ng'ombe kuliko ilivyokuwa zamani. Akachunguza, akakuta punje za mahindi, nyingine nzima kabisa. Punje ambayo ganda lake halijavunjwa hupita tumboni mwa ng'ombe karibu ilivyoingia, wanga wote ukiwa ndani, kwa hiyo alikuwa anamnunulia kuku chakula kwa bei ya maziwa. Upande wa mabua nako malalamiko yalikuwepo: vipande virefu kama kidole vilikuwa vinaachwa horini baada ya ng'ombe kuchagua vilaini. Hilo la mabua halikumshtua mtu sana, maana bua ni bua, na kila mtu alidhani ng'ombe wamedeka.

Kabla sijafika, mambo matatu yalikuwa yameshafanywa. Nayaeleza kwa sababu kila moja liliacha alama, na alama hizo nilizihitaji baadaye.

Kwanza walinunua nyundo mpya. Kijana anayeendesha mashine alikuwa na sababu: zile za zamani zilikuwa zimelika pembe moja, na nyundo iliyolika hupiga kivivu. Lakini nyundo butu hufanya mashine isage polepole, chumba kijae, mota ipige kelele na unga utoke moto. Haifungui mlango wa punje nzima kutoka. Halafu nyundo hizo za zamani zilikuwa na pembe nyingine tatu ambazo hazijaguswa, kwa maana kila moja ina matundu mawili na inaweza kugeuzwa. Ziko stoo, na zitatumika.

Pili, fundi mmoja aliyepita alisema matundu ya chekeche yamepanuka. Akaweka jipya. Punje zikaendelea kutoka. Akasema basi ni chekeche jipya halikukatwa vizuri, akalipiga nyundo ukingoni lilale, lilipokataa akachomelea ukanda mwembamba wa bati upande mmoja kuziba mwanya aliouona. Kwa wiki kadhaa hali ikawa afadhali, kisha ikarudi palepale na mlio juu.

Tatu, mtu alishauri wabadilishe fezi mbili ili mota izunguke kinyume. Ushauri huo haukuwa wa kipuuzi kama unavyosikika. Mashine ilikuwa imehamishwa kutoka banda la zamani kwenda jipya, umeme ukaunganishwa upya, na kwenye fezi tatu ukibadilishana waya mbili mota inageuza mwelekeo. Ila hamamili hii ina umbo linalolingana kushoto na kulia, inasaga pande zote mbili. Kugeuza kulifanya pembe mpya ya nyundo ianze kupiga, basi.

Neno lililonisimamisha hapo ni "imehamishwa". Nilimuuliza mwenyekiti wa kikundi, mzee mpole anayeandika kila kitu kwenye daftari, tatizo lilianza lini. Akafungua daftari.

"Kabla ya kuhama hatukuwa na neno, fundi. Tulihama, tukasaga vizuri. Mvua ndefu zilipoingia ndipo mama huyu akaja na habari za kuku."

"Na sakafu ya banda jipya mlimwaga lini?"

"Mwezi huohuo wa kuhama. Kulikuwa na haraka."

Nilitaka kwenda kutambaa chini ya mashine saa ileile, lakini kwanza ilibidi tukubaliane tatizo ni lipi. Ukiingia kwenye kazi ambayo watu watatu wameshatoa majibu, lako linakuwa la nne tu mpaka ulithibitishe mbele yao. Nikaomba ndoo moja ya mahindi makavu, chekeche la milimita 3 likiwa lilelile na ukanda wake wa bati, na nikaomba gunia lisifungwe mdomoni. Tulisaga ndoo ile peke yake. Unga tukaumwaga juu ya turubai, akina mama wakapepeta. Sehemu kubwa ilikuwa laini, ya kupendeza. Katikati yake kulikuwa na punje nzima na nusu punje, zaidi ya kufumbata kwenye viganja viwili.

Mgawanyiko huo ndio ushahidi. Kama matundu yangekuwa yamelika, unga wote ungekuwa mzito kidogo, kila chembe ikiongezeka ukubwa pamoja na mwenzake. Hapa tulikuwa na makundi mawili yasiyofanana: unga uliosagwa sawasawa, na punje ambazo hazikukutana na chekeche kabisa. Hakuna chembe za katikati za kuyaunganisha. Kitu kinachotoa makundi mawili namna hiyo ni mwanya, na mwanya ule ulikuwa mpana wa kutosha kupitisha punje kwa ubavu wake. Fundi wa ukanda wa bati aliuona mwanya, namsifu kwa hilo. Alichokosa ni kuuliza kwa nini upo.

Tukazima umeme kwenye swichi kuu, kufuli ikawekwa, ufunguo ukaingia mfukoni mwangu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai mikanda na sehemu zinazozunguka zifunikwe, na mashine hii ilikuwa na kifuniko cha mkanda, shukrani kwa aliyeitengeneza. Lakini kifuniko hakimsaidii anayefungua chumba cha nyundo. Rota nzito huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya mota kuzimwa, na ikishatulia kimya chake kinadanganya. Tuliisubiri isimame kabisa, nikaipachika kabari ya mti.

Hapa nieleze chekeche linavyokaa, kwa wale ambao hamamili yao haifanani na hii. Ni bati lenye matundu, limekunjwa nusu duara, linakaa chini ya rota. Kingo zake mbili za pembeni zinalala juu ya reli mbili za pinde, kila moja imechomelewa kwenye ubavu wa mashine kwa ndani. Kifuniko cha juu kikifungwa, kinazikandamiza ncha mbili za chekeche zisicheze. Hakuna bolti yoyote inayolishika moja kwa moja. Linategemea mambo matatu tu: reli ziwe na upinde uleule, mbavu mbili ziwe sambamba, na chekeche lenyewe liwe na upana na upinde unaozifaa. Jambo moja likienda kombo, lingine haliwezi kulisaidia.

Nililitoa. Lilitoka kwa shida upande wa kushoto nyuma na kwa ulaini pande nyingine zote, na hilo peke yake lilikuwa habari. Nikaliweka juani, tukalitazama kwa ndani. Upande wa kulia mbele ulikuwa umeng'arishwa na nyundo, bati limeanza kuwa jembamba. Kushoto nyuma kulikuwa na rangi ya kijivu ileile ya kiwandani, hata vumbi la mafuta halijafutika. Chakula kinachogongwa kati ya nyundo na chekeche huacha mng'ao kote, hivyo chekeche lililokaa sawa hung'aa sawa. Hili lilikuwa limesogelea nyundo kona moja na kuzikimbia kona iliyo mkabala.

Kisha reli. Ndani ya ile ya kushoto kulikuwa na gamba gumu la unga uliogandamana na kitu cheusi kinachonata. Nikanusa, molasi. Kijana akakubali kwamba kuna wakati walimimina molasi juu ya mabua kabla ya kuyapitisha ili vumbi lipungue. Jamani, molasi huchanganywa nje, baada ya kusaga. Ndani ya hamamili inakuwa gundi: inaziba matundu, inaingia kwenye reli, na joto linaikausha. Gamba lile lilikuwa nene la kuinua ukingo wa chekeche, na mtu angeweza kusema hapo ndipo penye kosa, akalikwangua, akalipwa, akaenda zake. Nami nililikwangua lote kwa patasi butu mpaka chuma kikaonekana. Nikarudisha chekeche. Mwanya ulipungua kidogo, haukwisha.

Basi nikapima. Njia ni rahisi na haitaki kifaa cha dukani. Nyundo za hamamili hulegea zikiwa zimesimama, kwa hiyo unaivuta moja kwa mkono mpaka inyooke, halafu unaingiza vipande vya chuma bapa kati ya ncha yake na chekeche mpaka vikae bila kulazimisha. Unapima unene wa vipande hivyo. Unafanya hivyo mbele, chini kabisa na nyuma, kushoto na kulia, huku unazungusha rota kwa mkono na kutumia nyundo ileile kila mara ili tofauti za nyundo zenyewe zisikuchanganye. Mashine hii ilitengenezwa iwe na nafasi ya milimita 10 pande zote. Chini kabisa tulipata 10 na 9. Kulia mbele tukapata 6. Kushoto nyuma, 14.

Watu wengi wakifika hapa hufikiria beringi au shafti iliyopinda, na ni haki kufikiria. Lakini shafti iliyopinda ingefanya nafasi ibadilike kila unapozungusha rota, nyundo ya upande huu ikikaribia na ya upande wa pili ikijitenga mahali palepale. Nilijaribu kwa nyundo za pande zote nne mahali pamoja, nafasi haikubadilika. Beringi iliyolika ingeiacha rota icheze ukiinua shafti kwa nondo. Haikucheza. Skrubu zinazobana beringi kwenye shafti zilikuwa zimekaza, na alama ya zamani ya kutu kwenye shafti ilionyesha haijasogea kwenda kushoto wala kulia. Rota ilikuwa mahali pake. Kilichohama ni nyumba yake.

Tulifunga nyuzi mbili. Hili naona mafundi wa fremu za milango wanalijua kuliko sisi wa mashine. Unachukua uzi mwembamba usionyumbuka, unauvuta kutoka kona moja ya fremu hadi kona ya mkabala, na wa pili kwenye kona nyingine mbili, zikatizane katikati. Fremu ikiwa bapa, nyuzi zinagusana bila kusukumana. Fremu ikiwa imejisokota, zinaachana katikati, au zinabanana mpaka ubadilishe ipi iwe juu. Tena mwachano huo ni nusu ya kiasi ambacho kona moja imepotoka. Zetu ziliachana milimita 2. Kwa hiyo kona moja ilikuwa imetoka kwenye usawa wa nyingine tatu kwa milimita 4.

Mzee aliuliza swali zuri: inawezekanaje chuma kinene vile kijisokote kwa kukaa tu? Nikamwambia afikirie meza ya hotelini yenye mguu mmoja mfupi. Inayumba, unaweka karatasi chini ya mguu, unaendelea na chai. Sasa chukua meza hiyo uipigilie misumari miguu yote minne kwenye sakafu. Haiyumbi tena, na wewe unafurahi, lakini ule mguu mfupi umevutwa chini kwa nguvu na ubao wa juu umepinda kuufuata. Bolti za msingi zilifanya hivyohivyo. Sakafu ilipokuwa mpya na kavu, miguu yote ilikaa. Udongo wa huku kwetu una majivu mengi ya volkano, mwepesi, wenye vinyweleo, na usiposhindiliwa hushuka ukilowa. Banda lile halikuwa na mfereji wa maji ya paa upande wa nyuma. Mvua ilishuka palepale, udongo ukashuka, sakafu ikafuata, na bolti ikauvuta mguu wa kushoto nyuma pamoja nayo. Mbavu za mashine zikaacha kuwa sambamba, reli ya kushoto ikatoka kwenye mstari wa mwenzake, na chekeche lililokunjwa kwa upinde sahihi likakosa pa kulala.

Kuthibitisha kulichukua spana moja. Nililegeza nati za mguu ule huku kijana ameweka kidole kwenye ungano la mguu na sakafu. Nati ilipoachia, mguu ukapanda wenyewe. Alisikia kabla ya mimi kuona. Tukapima chini yake: milimita 4 kasoro kidogo. Nyuzi zikagusana.

Nikiri kwamba sehemu ya marekebisho ilikuwa rahisi kuliko utafutaji, ila kuna mahali watu huteleza, na ni kwenye mpangilio. Kishawishi ni kuanza na chekeche kwa sababu ndilo linaloonekana. Tulianza chini.

Chini ya mguu tuliweka kipande cha chuma bapa cha milimita 3 kilichokatwa kwa umbo la kuuzunguka bolti, si kipande cha pembeni kinachougusa mguu nusu, na juu yake vipande vya bati la mabati kimoja kimoja mpaka nafasi ikajaa bila kuinua. Kisha nati zikakazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mkato wa kona na kona, huku macho yako kwenye nyuzi. Nati ya mwisho ilipokazwa nyuzi hazikusogea. Hapo ndipo pa kusema fremu imekaa. Pimamaji inaweza kukuonyesha kitu kingine: mashine yetu ilikuwa imelala kidogo kuelekea mlangoni, na tuliiacha hivyo. Hamamili hailalamiki ikilala kidogo. Inalalamika ikisokotwa.

Baada ya hapo tukarudi kwenye reli. Ile ya kushoto ilikuwa na mabonde mawili, alama za nyundo ya fundi wa awali. Alipokuwa analipiga chekeche lilale, lilikuwa linalala juu ya reli, na reli ndiyo iliyokula kipigo. Fremu ikiwa imejisokota, mabonde yale yalisaidia kidogo, ndiyo maana kwa wiki kadhaa hali ilikuwa afadhali. Fremu iliponyooka, yakageuka kuwa mianya mipya. Tulikata kipande cha mti mgumu kwa upinde wa reli, tukakiegemeza kwa ndani, tukainyoosha reli taratibu kutoka upande wa pili, tukamalizia kwa tupa. Hakuna kuchomelea. Joto la kuchomelea lingeivuta reli tena na tungeanza upya.

Chekeche lile lenye ukanda wa bati sikulirudisha. Wanachama walitaka lirudi, ni la juzi tu, pesa zimetoka. Lakini bati lililokwisha kupigwa ukingoni limetanuka mahali na kujikunja mahali, na ukanda uliochomelewa ulikuwa umelipa ugumu upande mmoja tu. Ukilibana, linatafuta mahali pa kuinukia, na mahali pa karibu ni katikati, kuelekea nyundo. Tuliagiza jipya kwa mafundi wa bati mjini Nakuru, na hapa nilisisitiza mwenyekiti asiende na vipimo vya mdomo wala na chekeche bovu kama mfano. Ukipeleka lililopinda utaletewa lililopinda. Tulikata katoni kwa umbo la nusu duara yenye nusu kipenyo cha milimita 260, yaani 250 za rota na 10 za nafasi. Urefu wa bati kabla ya kukunjwa ni 260 mara 3.14, karibu milimita 817. Upana tulipima kati ya mbavu sehemu tatu, tukachukua kipimo kidogo kuliko vyote, tukatoa milimita 2 ili liingie bila kulazimishwa. Bati lina tabia ya kurudi nyuma kidogo baada ya kukunjwa kwenye roli, kwa hiyo mwenyekiti aliambiwa aliegemeze juu ya katoni palepale dukani, na asilipe mpaka mwanga usionekane kati yake na katoni.

Urefu ule wa 817 una hila yake. Chekeche likizidi urefu hata kidogo, kifuniko kikifungwa linasukumwa ncha zote mbili na tumbo lake linapanda kwenye nyundo. Likipungua, ncha zinaacha mwanya chini ya kifuniko, na unarudi kwa kuku. Lililoletwa lilikuwa limezidi kidogo. Tulipunguza kwa tupa, ncha moja tu, tukijaribu kila baada ya kupitisha tupa mara chache, mpaka kifuniko kikafunga kwa mkono na bolti zikawa kazi yake ni kushikilia, si kuvuta.

Kuliingiza hakuhitaji nyundo. Kabari ya mti kwenye rota, chekeche linashushwa likiwa limebanwa kidogo kwa mikono miwili, linaachiwa lijifungue lenyewe juu ya reli. Ukihisi unataka kuligonga, simama, kuna kitu kwenye reli. Kijana alihisi hivyo mara moja, akalitoa, akakuta kipande cha ganda la molasi kilichokuwa kimedondoka kutoka juu. Akakitoa, likaingia.

Tukapima tena kwa vipande vilevile: 10 chini, 10 mbele, 10 na 11 nyuma. Hiyo 11 sikuhangaika nayo. Tulizungusha rota kwa mkono duru kamili mara kadhaa, sikio likiwa karibu na ubavu, kisha kifuniko kikafungwa, kabari ikatolewa na kila mtu akaiona imetolewa, ndipo kufuli ikafunguliwa. Mashine ilikwenda tupu kwanza. Halafu ndoo ya mahindi, turubai, akina mama wakapepeta kama mara ya kwanza. Wakatafuta punje nzima. Walipata mbili, wakanipa kwa kicheko kwamba kazi haijaisha. Zilikuwa zimenasa kwenye mkono wa kitambaa unaoingia guniani, za siku za nyuma. Tuliukung'uta mkono ule, tukasaga ndoo nyingine, hawakupata.

Chekeche la mabua lilikuwa na hadithi yake fupi. Halikuwa limepigwa na mtu, lilirudi kwenye reli zilizonyooka na likalala. Vipande virefu vikapungua, havikwisha, kwa sababu bua likiingia kwa urefu huweza kupita tundu kubwa kama mshale. Hilo si kosa la chekeche, na sidhani linahitaji dawa. Ng'ombe anahitaji nyuzi ndefu kiasi ili acheue, na mabua yaliyosagwa kuwa vumbi humharibia tumbo na kupunguza mafuta ya maziwa. Kuna wanachama waliotaka tuweke chekeche dogo zaidi kwa mabua pia "ili kusipotee kitu". Niliwashauri wasifanye hivyo, na mama wa kuku akaniunga mkono kwa nguvu zaidi ya nilizokuwa nazo.

Kilichobaki ni sakafu. Vipande vya chuma chini ya mguu ni suluhisho la sasa, kwa kuwa udongo ule haujamaliza kushuka. Mzee aliandika kwenye daftari kazi mbili: mfereji wa maji ya paa upande wa nyuma mara moja, na kuvunja kona ile ya sakafu wakati wa kiangazi cha Januari, kushindilia udongo kwa tabaka, kisha kumwaga zege lenye nondo. Mpaka hapo, nyuzi mbili zinakaa kwenye sanduku la spana, na kijana anazifunga kila baada ya mvua kubwa, kabla ya kusaga. Mfereji ulichelewa. Mvua za vuli zilipokuja nyuzi ziliachana tena, kidogo sana, akalegeza nati mwenyewe, akaongeza kipande kimoja cha bati chini ya mguu uleule, akakaza na kuniambia kwa simu alipokwisha kumaliza.